Neno Zigizaga katika Ripoti ya Ikola

Neno zigizaga nililipata katika kitabu cha Kiingereza cha kila siku nilichonunua kwa muuza vitabu vya mitumba sokoni Mpanda. Jalada lilikuwa limekatika, na mwenye kitabu wa kwanza alikuwa amepigia mstari maneno aliyotaka kuyakariri. Hilo hakulipigia. Nililipigia mimi. Kitabu kilieleza kwamba ni neno la kitu kinachokata kona kali huku na huku, kikatoa mifano: njia inayopanda mlima, mshono wa nguo, mtu anayekimbia huku akikwepa madimbwi. Kwa Kiswahili tunalo tayari, tunalitumia kwa maua ya kitenge na mistari ya vikapu, ila sikuwahi kufikiria kwamba ningeweza kuliandika kwa Kiingereza bila woga. Maneno mengi ya lugha ile niliyaandika nikiwa nimeshika pumzi. Hili lilinitoka lenyewe.

Wakati huo niliandika ripoti za mradi mdogo uliowafundisha akina mama wa vijiji vya ziwani vya Ikola na Kapalamsenga kuanika dagaa juu ya chanja badala ya mchangani. Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili mtaa wa Misunkumilo, palepale Mpanda. Tulikuwa watu watatu: mimi, mtaalamu wa samaki ambaye muda mwingi alikaa kule ziwani, na dereva. Mkubwa wetu alikuwa Dar es Salaam. Ripoti alizitaka kwa Kiingereza kwa sababu naye alizipeleka kwa wafadhili. Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha shule ya msingi, kwa hiyo watu waliniita Madam, na Kiingereza changu kilikuwa cha ubaoni: sahihi, kikavu. Mkubwa aliwahi kuniandikia kwamba ripoti zangu zinaeleweka lakini zinalala. Maneno hayo yalinikaa.

Basi nikaanza kuziamsha. Zigizaga nikaipenyeza kila nilipoona nafasi. Mitumbwi ilipita zigizaga kati ya nyavu. Mbuzi wa Kapalamsenga waliingia zigizaga chini ya chanja. Kamba za kufungia chanja nazo zilikwenda hivyohivyo. Kwa kuwa mimi ni mtu wa utaratibu, nilikuwa na ukurasa katika daftari ambapo niliandika neno hilo nimelitumia wapi, nisije nikalirudia mara mbili katika ripoti moja.

Dereva alikuwa amenizidi kama miaka kumi. Alizaliwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, wazazi wake wakiwa wametoka Burundi, na uraia aliupata akiwa tayari mtu mzima mwenye watoto. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameendesha malori ya tumbaku ya watu kwa makubaliano ya mdomo tu, leo una kazi, kesho mwenye lori amempa shemeji yake. Ofisi yetu ndiyo ya kwanza kumpa barua ya ajira yenye jina lake lote. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Alikuwa ameshamaliza mmoja, wa pili ulikuwa unaelekea ukingoni, na alikuwa akiungoja wa tatu, ambao ungeanza mwezi wa saba. Aliwahi kuniambia kwamba akiupata huo, atasema yeye ni mfanyakazi. Ile miwili anaiona kama majaribio. Alisema hivyo akicheka, lakini niliona hakuwa anatania.

Safari ninayoizungumzia ilikuwa ya mwezi wa tatu, mvua ikiwa imekolea. Tulitoka Mpanda asubuhi kwenda Ikola. Si mbali sana baada ya mji kwisha tulikuta basi limezama tangu jana yake, abiria wametawanyika pembeni, wengine wamewasha moto wa chai. Mama mmoja mfanyabiashara wa dagaa, mwenye ndoo kubwa na sauti kubwa kuliko ndoo, akaja moja kwa moja dirishani kwetu.

"Nyie watu wa ofisi mna roho kweli? Mnamwacha mama yenu kwenye tope?"

"Mama, gari hili lina kanuni," dereva akamwambia. Na ni kweli, ofisi ilikataza kabisa kubeba mtu asiye mtumishi.

"Kanuni inakula ugali? Fungua mlango."

Dereva akanitazama. "Madam, mimi sijaona mtu."

"Na mimi sijaona," nikajibu.

Mama akapanda na ndoo yake. "Basi nyie wote vipofu," akasema akijiweka sawa. "Mungu awaongoze. Aanze na dereva."

Kutoka hapo barabara haikuwa barabara tena. Lilikuwa tope la kahawia kutoka ukingo hadi ukingo, na malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu katikati, imejaa maji. Mgeni angedhani ile mifereji ndiyo njia, kwa kuwa imenyooka. Dereva alisimamisha gari, akavua viatu, akavipangusa na kuviweka chini ya kiti chake, akakunja suruali na kushuka na fimbo. Alitembea mbele mpaka maji yakamfika magotini, akarudi, akaenda upande wa pili. Kisha akasimama kwa muda mrefu akitazama chini kama mtu aliyeangusha ufunguo.

"Unatafuta nini?" nilimuuliza aliporudi.

"Kwato," akasema. "Ng'ombe wa Wasukuma walipita huku jana. Ng'ombe hakubali kukanyaga palipo laini akiona pagumu. Popote walipopita, chini pana changarawe."

Ndivyo alivyoendesha. Alifuata kwato. Zilikuwa upande wa kulia hatua chache, kisha zikakatiza mifereji na kuhamia kushoto, zikapanda kwenye nyasi, zikarudi. Gari nalo likahama kulia, likakata, likapanda, likarudi. Kila baada ya muda mfupi alishuka tena na fimbo. Sisi ndani tulirushwa huku na huku. Mimi nilishikilia mlango kwa mikono miwili, na mama wa dagaa alikumbatia ndoo yake kama mjukuu.

"Baba, unaendesha au unacheza ngoma?" akauliza.

"Nacheza ngoma, mama. Wewe piga makofi."

"Mbona yule pale kanyoosha?" Alionyesha kidole kwenye lori la mahindi lililolala ubavu katikati ya mifereji.

"Kweli alinyoosha. Hebu mwite umuulize kalala tangu lini."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Tulifika Ikola mchana, gari likiwa limepakwa tope mpaka juu ya paa, wala hatukusukumwa hata mara moja. Wavuvi waliokuwa wakitengeneza nyavu walituuliza tumepita wapi, kwa sababu kwa siku mbili hawakuwa wameona gari kutoka Mpanda. Dereva akasema tumepita barabarani. Akaenda ziwani kunawa miguu, kisha akavaa viatu vyake vikavu.

Ripoti niliiandika baada ya kurudi, nikiwa mezani kwangu, na chai kando. Katika rasimu ya kwanza nilieleza tope, mifereji, basi lililozama na jinsi dereva alivyoshuka na fimbo kutafuta kwato. Kisha nikakumbuka kwamba mkubwa alishawahi kuniambia nipunguze malalamiko ya barabara. Wafadhili wanajua barabara za Katavi ni mbaya, hawahitaji kusomewa kila mwezi. Nikafuta tope. Nilipofuta tope, fimbo na kwato zikawa hazina pa kukaa, nikazifuta pia. Mama wa dagaa sikumwandika tangu mwanzo, nikimlinda dereva. Kilichobaki ni sentensi moja niliyoipenda: kwamba gari lilikwenda zigizaga karibu njia nzima, na mimi nikashikilia mlango kwa mikono miwili. Niliisoma kwa sauti. Ilichangamka. Nikaingiza katika ukurasa wa daftari: zigizaga, ripoti ya mwezi wa tatu, gari.

Mkubwa alijibu kesho yake. Alisema hii ndiyo ripoti ya kwanza aliyoisoma mpaka mwisho bila kusimama, na kwamba Kiingereza changu sasa kina uhai. Nilimsomea mtaalamu wa samaki kwa simu sehemu hiyo ya sifa. Chini kabisa ya barua pepe kulikuwa na swali: dereva anakunywa?

Nilijibu mstari mmoja. Hapana, hanywi, ni mwimbaji wa kwaya.

Nimeurudia mstari ule kichwani mara nyingi. Nafasi ilikuwa pale pale, mkubwa mwenyewe ameifungua. Ningeweza kuandika sentensi tatu zaidi kuhusu tope, yakaisha. Lakini ingenibidi kusema kwamba sentensi aliyoisifu ilikuwa nusu ya jambo, na sifa zile zilikuwa bado za moto. Pia nilijiambia kwamba maswali yakianza, mama na ndoo yake watatoka hadharani, na kanuni ile ilikuwa kali. Nilijiambia namlinda. Niliamini hivyo mpaka mwezi wa sita.

Barua ilikuja katika bahasha ya ofisi, na dereva aliileta kwangu akiwa ameshaifungua. Tulikuwa wawili tu ofisini. Kiswahili alikisoma vizuri, lakini Kiingereza hakukijua.

"Madam, nisomee. Jina langu naliona, tarehe naiona. Hapa katikati ni pori."

Nilisoma kwanza kimya. Aya ya kwanza ilimshukuru. Ya pili ilisema mkataba hautaendelea kwa sababu ya taarifa kuhusu usalama wa uendeshaji wake, ikiwemo safari ya Ikola ambapo gari lilikwenda zigizaga karibu njia nzima. Walikuwa wameichukua sentensi yangu nzima. Ya tatu ilisema akabidhi ufunguo.

"Wanasema hawataendelea na mkataba," nikamwambia.

Alivuta kiti akakaa. "Sababu?"

"Wanasema ni usalama. Kwamba ile safari ya Ikola gari lilikwenda zigizaga."

"Zigizaga." Alilisema taratibu. "Ni kweli. Tulikwenda zigizaga. Kwani ilikuwepo njia nyingine?"

Nikaipitia tena ile aya ya pili.

"Hawa wako Dar," akaendelea. "Waliona wapi?"

"Labda kuna mtu aliwaambia," nikasema.

Hayo ndiyo maneno mabaya kuliko yote niliyowahi kuyatamka katika ofisi ile. Dereva alinitazama, kisha akatazama dirishani, akaanza kufikiri kwa sauti, polepole, bila hasira. Mtaalamu alikuwa Kapalamsenga. Yule mama wa ndoo hajui hata ofisi yetu iko mtaa gani. Aliishia hapo. Hakulitaja jina lililobaki. Nilikunja barua na kumrudishia, na mikono yangu ilikuwa na shughuli nyingi isiyo na maana: kalamu, karatasi, kikombe.

Aliomba ndoo na kitambaa. Aliosha gari lote, nje na ndani, akatoa mazulia ya chini akayaanika, akaangalia upepo wa magurudumu. Kisha akaweka ufunguo mezani kwangu na kuniambia nisaini kwamba nimeupokea, akangoja mpaka nilipoandika saa.

Sijui kama sentensi ile peke yake ndiyo iliyomtoa. Huenda kulikuwa na mambo mengine, bajeti, au ndugu wa mtu anayetafuta kazi. Niliuliza na sikupewa jibu. Ninachojua ni kilichoandikwa katika barua, na kilichoandikwa ni changu.

Dereva mpya alitoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana mwema, mcheshi, anajua magari kuliko tunavyojua sisi. Mvua za mwisho wa mwaka zilipoanza tulikwenda naye Ikola. Alipofika kwenye tope aliniambia nisiwe na wasiwasi, akaingiza gia nzito, akanyoosha. Tulilala pale. Tulitolewa siku iliyofuata na trekta, na wakati wote huo nilikaa kwenye nyasi nikitazama kwato za ng'ombe zilizopita kando yetu, zikahamia upande wa pili, zikaendelea kuelekea ziwani.

Niliporudi nilimwandikia mkubwa barua ndefu. Niliandika yote: tope, basi, fimbo, kwato, lori lililolala, rasimu niliyoifuta na kwa nini niliifuta. Niliandika hata mama na ndoo yake, nikasema kosa la kumpakia lilikuwa letu wawili, na mimi ndiye mkubwa kwenye gari. Sikutumia neno lolote la kupendeza. Alijibu kwa adabu. Alishukuru kwa maelezo, akasema nafasi ilishajazwa, na akanikumbusha kwamba ni marufuku kubeba abiria.

Jumamosi iliyofuata nikaenda Katumba. Nilimkuta nyuma ya nyumba akipukuchua mahindi na mkewe. Mkewe aliniletea kigoda.

"Wifi, umepotea kabisa! Tulidhani umehamia Dar nawe."

Tulisalimiana kwa kirefu, nikauliza watoto, nikauliza mihogo. Kisha nikasema kilichonileta.

"Kaka, yale maneno kwenye barua yako. Niliyaandika mimi."

"Najua," akasema. Mikono yake haikusimama kupukuchua.

"Tangu lini?"

"Tangu uliposema labda. Wewe Madam huwa husemi labda. Wewe unaandika saa, unaandika kilomita, unaandika mpaka mbuzi."

Mkewe akacheka, kisha akaona uso wa mumewe, akaacha.

"Ningekuwa nakunywa, ningeelewa," akasema. "Lakini nilishuka. Nilivua viatu. Hukuniona?"

"Nilikuona."

"Hilo uliliandika?"

"Niliandika. Halafu nikafuta."

Alitikisa kichwa, akachukua hindi jingine. Niliomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema zaidi ya hapo, nami sikuwa na haki ya kudai zaidi.

Mkewe ndiye aliyesema kwamba kuna mahali wanatafuta dereva wa gari la wagonjwa, na wanataka barua kutoka kazi ya mwisho. Nilidakia haraka mno. Nikasema nitamwandikia mimi, leo hii.

"Kwa Kiswahili," dereva akasema. "Na niisome kabla haijaenda."

Niliiandika palepale juu ya goti. Ilikuwa ukurasa mmoja. Niliandika miaka miwili aliyofanya kazi nasi, njia alizopita, kwamba hakuwahi kuangusha gari wala kukwama, na jinsi anavyosoma ardhi wakati wa mvua. Alipangusa mikono, akaisoma mara mbili huku kidole kikifuata mistari.

"Hapa umeandika hodari," akasema. "Liondoe. Acha niliyoyafanya."

Nikalikata. Akaikunja barua na kuiweka mfukoni mwa shati.

Baada ya wiki mbili alinipigia simu. Wale watu walikuwa wameisoma, wakasema ni nzuri, lakini mimi si mwajiri. Wanataka sahihi ya mkubwa na muhuri. Muhuri ulikuwa Dar es Salaam. Nikamwandikia mkubwa, nikampigia, nikaambiwa atalishughulikia. Nikampigia tena. Mara ya tatu aliniambia kwa upole kwamba haiwezekani ofisi imwachishe mtu kazi kwa sababu ya usalama, kisha imwandikie barua ya kuendesha wagonjwa. Nilimwambia kwamba hiyo sababu ya usalama niliitengeneza mimi. Akasema imo kwenye faili.

Nilirudi Katumba kumweleza mwenyewe, sikutaka kumweleza kwa simu. Safari hii nilimkuta shambani, mvua ikiwa imelainisha udongo, watu wote pande zile wameinama. Alinisikiliza mpaka mwisho, jembe likiwa begani.

"Usimpigie tena, Madam," akasema. "Ile nafasi imeshapata mtu tangu Jumatatu."

Alitoa barua mfukoni. Ilikuwa imelegea kwenye mikunjo kwa kufunguliwa mara nyingi. Nilimwomba abaki nayo, huenda siku moja ikamfaa. Alinitazama kana kwamba nimemwomba kitu kigumu kidogo, kisha akaniwekea mkononi.

"Chukua tu. Hapa kwangu haina kazi."

Akarudi kwenye tuta lake. Mkewe aliniita nipite nyumbani nile kwanza, nikamwambia nitapita. Nilisimama kwa muda ukingoni mwa shamba, nikimtazama akilima, kisha nikaondoka bila kula.